Chanda na Pete: Njia Tatu za Kueleza Uhusiano wa Maada ya Giza na Maada Inayoonekana

Ukipima kasi ya gesi na nyota zinazozunguka kitovu cha galaksi, kisha ukajumlisha masi ya vyote vinavyong'aa humo, hesabu hizo mbili hazikutani. Vilivyo ukingoni vinakwenda kasi mno. Kwa mvutano wa maada tunayoiona peke yake vingekuwa vimetawanyika zamani. Hilo halina ubishi tena. Fritz Zwicky aliligundua kwenye kundi la galaksi la Coma mwaka 1933. Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda mwaka 1970. Mwaka 1978 Albert Bosma, akitumia mawimbi ya redio yatokayo kwenye gesi ya hidrojeni, alionyesha kwamba kasi haishuki hata mbali nje ya diski ya nyota.

Ubishi unaanzia kwenye sababu. Kuna maelezo matatu ambayo kila anayesoma habari za galaksi hukutana nayo, na kila moja lina watetezi hodari. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo msomaji mgeni akisikiliza kambi moja tu huondoka akidhani kambi nyingine haijui inachosema. Si kweli hata kidogo. Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kujua ashike lipi kwa kazi aliyo nayo: mwanafunzi mwenye vipimo vya galaksi mezani, mwalimu anayeandaa somo, au msomaji aliyechoshwa na majibu yanayopingana.

Kinachotakiwa kuelezwa hasa

Wengi hudhani swali ni kama kuna masi inayokosekana. Swali gumu zaidi ni kwa nini hiyo inayokosekana inaifuata inayoonekana kama pete inavyokaa kwenye chanda.

Galaksi ambayo nyota zake zimesongamana katikati, kasi yake hupanda haraka karibu na kitovu. Galaksi hafifu iliyotandaa, kasi yake hupanda polepole. Mwaka 2004 Renzo Sancisi alilieleza jambo hili kama kanuni: penye kinundu au bonde kwenye mgawanyo wa mwanga, pana kinundu au bonde kwenye grafu ya kasi (mchoro wa kasi kwa kila umbali kutoka kitovuni). Mfano ninaourudia mara nyingi ni NGC 1560. Gesi ya galaksi hiyo ina bonde dogo, na grafu ya kasi inabonyea palepale, ingawa kwa hesabu za kawaida maada ya giza, yaani ile masi isiyoonekana inayodhaniwa kuziba pengo, ndiyo inayotawala mahali hapo na ilipaswa kulifunika bonde hilo lisionekane.

Kisha mwaka 2016 Stacy McGaugh, Federico Lelli na James Schombert wakachukua galaksi 153 zenye vipimo karibu 2,700. Walilinganisha mchapuko, yaani kiwango cha mabadiliko ya kasi, waliouona na mchapuko ambao nyota na gesi pekee zingeweza kuuleta. Vipimo vyote viliangukia kwenye mstari mmoja mwembamba uliopinda. Penye mvutano mkubwa, michapuko hiyo miwili inalingana. Mvutano ukishuka kuelekea 1.2 × 10⁻¹⁰ (mita kwa sekunde mraba), inaachana, na inaachana kwa namna ileile katika galaksi kubwa na ndogo. Ili uone udogo wa kiwango hicho: kitu kilichotulia kikisukumwa kwa mchapuko huo mwaka mzima, mwishoni kasi yake haifiki milimita 4 kwa sekunde.

Uhusiano huo ndio kiini cha ulinganisho huu. Maelezo yoyote yanayosema "kuna masi isiyoonekana" bila kusema kwa nini inaitii inayoonekana yameishia njiani.

Vigezo

Nimechagua vinne, na nitavitumia kwa mfuatano uleule. Kwanza, *ndani ya galaksi*: je, maelezo yanatoa grafu sahihi ya kasi kwa galaksi moja moja, na kwa nini? Pili, *nje ya galaksi*: yanasimama yakipelekwa kwenye makundi ya galaksi na ulimwengu wa kale? Tatu, *gharama*: ni vipimo vingapi unaruhusiwa kuvirekebisha ili mambo yakae sawa, na hesabu inahitaji kompyuta ya kiasi gani? Nne, *pabovu*, kwa kuwa kamba hukatikia hapo: ni nini kingeyavunja? Baada ya hapo nasema yanamfaa nani.

Maelezo ya kwanza: maada ya giza baridi

Hapa tunasema kuna chembe ambazo hazitoi mwanga wala kuuzuia, zinazokwenda polepole (ndiyo maana ya "baridi"), na ambazo hupitana bila kugongana. Zilikusanyika kwanza kuwa mawingu makubwa ya duara yanayoitwa halo. Gesi ya kawaida ikatumbukia humo, ikapoa, ikazaa nyota. Galaksi ni taa iliyowashwa katikati ya nyumba ambayo kuta zake hatuzioni.

*Ndani ya galaksi.* Halo tupu, isiyo na nyota, ina umbo linalojulikana: Julio Navarro, Carlos Frenk na Simon White walilieleza mwaka 1996 na 1997 kutokana na uigaji wa kompyuta. Msongamano wake unapanda kwa ukali kuelekea kitovuni. Galaksi ndogo nyingi, zikipimwa, zinaonyesha kitovu kilicho bapa. Jibu la wafuasi wa maelezo haya ni kwamba halo haiko tupu. Nyota kubwa zikilipuka zinasukuma gesi nje, gesi inarudi, zinalipuka tena. Msukosuko huo ukirudiwa mara nyingi unaitikisa halo mpaka kitovu chake kinalegea. Kwa hiyo maada inayoonekana, ingawa ni chache, inaiumba upya isiyoonekana. Uigaji mkubwa kama EAGLE umetoa mstari unaofanana na ule wa galaksi 153. Mashaka yangu yako kwenye wembamba wake: historia za galaksi zinatofautiana sana, nyingine zimemeza jirani zao, nyingine zimekaa peke yake, lakini zote zinaishia kwenye mstari uleule. Uigaji unaonyesha kwamba inawezekana. Kuonyesha kwamba ilikuwa lazima iwe hivyo ni kazi nyingine.

*Nje ya galaksi.* Huku ndiko nguvu ya maelezo haya iliko, na sioni haki kuipunguza. Setilaiti ya Planck ilipima mwanga wa kale wa mikrowevu unaojaza anga lote, na mawimbi yaliyo ndani ya mwanga huo yanadai maada ya giza mara 5 hivi ya maada ya kawaida. Kiasi hichohicho kinaeleza jinsi galaksi zilivyopangika kama utando mkubwa angani. Kundi la Risasi, lenye namba 1E 0657-56, ni makundi mawili yaliyogongana: gesi ya moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada yake ya kawaida, ilibaki nyuma katikati, ilhali vipimo vya mwanga unaopindwa na mvutano, vilivyochapishwa mwaka 2006, viliikuta masi kubwa imesonga mbele pamoja na galaksi.

*Gharama.* Kwa ulimwengu mzima, vipimo ni vichache na vimebanwa vizuri. Kwa galaksi moja, unaruhusiwa kurekebisha masi ya halo na msongamano wake, na ukitaka milipuko ya nyota uigaji wake ni mzito na una kanuni nyingi zilizowekwa kwa makadirio.

*Pabovu.* Chembe yenyewe haijawahi kukamatwa. Mitambo ya xenoni ya kimiminika iliyofukiwa chini ya ardhi, LZ huko South Dakota na XENONnT huko Gran Sasso, imezidi kuwa mikali mwaka hadi mwaka na bado haijaiona. Hilo halijavunja wazo, kwa kuwa chembe inaweza kuwa dhaifu zaidi au ya aina nyingine kabisa, lakini kila aina inayofutwa inapunguza mahali pa kutafuta.

*Yanamfaa* anayeshughulika na ulimwengu kwa upana: jinsi galaksi zilivyozaliwa, makundi yake, mwanga wa kale, na yeyote anayetaka simulizi moja linaloanzia mwanzo hadi leo.

Maelezo ya pili: MOND

Mwaka 1983 Mordehai Milgrom aliuliza kama kosa liko kwenye sheria tunayoitumia badala ya masi tusiyoiona. Pendekezo lake, MOND (kifupi cha Kiingereza cha Modified Newtonian Dynamics, yaani sheria ya mwendo ya Newton iliyorekebishwa): mchapuko ukishuka chini ya kiwango fulani, kitu huvutwa zaidi ya anavyosema Newton. Kiwango hicho ndicho hichohicho nilichokitaja juu, 1.2 × 10⁻¹⁰. Dunia ikilizunguka Jua ina mchapuko unaokizidi karibu mara milioni 50, kwa hiyo hapa kwetu hatungeona tofauti. Jua lenyewe likizunguka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, lina mchapuko usiofika mara 2 ya kiwango hicho, na huko ndiko mambo yanakoanza kubadilika.

*Ndani ya galaksi.* Hapa MOND inatisha kwa usahihi wake. Mtu akikupa mgawanyo wa nyota na gesi, unapata grafu ya kasi bila kuhitaji halo. Inatoka kanuni fupi: kasi ya ukingoni, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne (V⁴), ni sawa na masi ya kawaida mara kipimo cha mvutano cha Newton mara kiwango cha Milgrom. Ijaribu. Galaksi yenye masi ya Jua bilioni 10 inapata kasi ya kilomita 112 hivi kwa sekunde. Izidishe masi mara 16, kasi inakuwa maradufu tu, kama kilomita 225. Ndivyo galaksi za diski zinavyopimwa. Bonde la NGC 1560 linajitokeza lenyewe, kwa kuwa hakuna cha kulifunika: kinachoonekana ndicho kinachovuta.

Nguvu ya maelezo yoyote huonekana pale yanapotabiri kabla. Galaksi ndogo ya Crater II, inayoizunguka Njia Nyeupe, ilipogunduliwa mwaka 2016, McGaugh alitumia MOND kutabiri kwamba kasi za nyota zake zingetofautiana kwa kilomita 2.1 hivi kwa sekunde. Vipimo vilivyofuata vikatoa 2.7. Kwa galaksi pana namna ile, wengi walitarajia zaidi. Wafuasi wa maada ya giza baridi wanaeleza kwamba Njia Nyeupe iliivua Crater II sehemu kubwa ya halo yake, na huenda ni kweli, ila maelezo hayo yalikuja baada ya kipimo.

*Nje ya galaksi.* Huku MOND inalemewa. Kwenye makundi ya galaksi, hata baada ya kubadilisha sheria, bado masi inayohitajika ni kama mara 2 ya inayoonekana. Kundi la Risasi ni mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu masi haipo ilipo gesi. Kuhusu ulimwengu wa kale, kanuni ya Milgrom peke yake haisemi kitu. Inahitaji nadharia pana inayopatana na Einstein. Nadharia mashuhuri ya kwanza ya aina hiyo ilipata pigo tarehe 17 Agosti 2017, mawimbi ya mvutano na miali ya gama kutoka kwenye mgongano wa nyota mbili za nutroni yalipofika kwa tofauti ya sekunde 1.7 baada ya safari ya miaka ya nuru milioni 130 hivi, ilhali nadharia hiyo ilitarajia tofauti kubwa zaidi. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik walitoa nadharia mpya inayopatana na mwanga wa kale. Kwa kufanya hivyo waliongeza uga (kitu kinachojaa nafasi yote) ambao zamani sana ulitenda kama vumbi, yaani karibu kama maada ya giza, na haki inanidai niseme kwamba hapo umbali kati ya "sheria mpya" na "kitu kipya" unapungua.

*Gharama.* Kwa galaksi moja, ndogo kuliko zote: kiwango kimoja kwa ulimwengu mzima, na uwiano wa masi ya nyota kwa mwanga wake. Karatasi na kikokotoo vinakutosha kwa hesabu ya kwanza. Kuna jambo moja geni la kukumbuka: katika MOND, mvutano wa jirani mkubwa unabadilisha mwendo wa ndani wa galaksi ndogo, jambo ambalo kwa Newton halitokei namna hiyo.

*Pabovu.* Galaksi iliyojitenga, iliyopimwa vizuri, isiyokaa kwenye mstari ingeivunja. Pia nyota pacha zilizo mbalimbali sana hapa karibu: mvutano kati yao ni mdogo kiasi cha kuionyesha MOND ikiwa ipo. Vikundi tofauti vya watafiti vimetumia data za setilaiti ya Gaia na kufikia majibu yanayopingana, kwa hiyo msomaji asiharakishwe na kichwa cha habari cha upande wowote.

*Yanamfaa* anayefanya kazi na galaksi moja moja za diski, na anayetaka utabiri wa haraka unaoweza kukosolewa kesho yake. Hata asiyeiamini kama sheria ya asili anaweza kuitumia kama muhtasari sahihi wa yale ambayo galaksi hufanya.

Maelezo ya tatu: maada ya giza inayogongana

David Spergel na Paul Steinhardt walipendekeza mwaka 2000 kwamba chembe za giza zipo, lakini zinagongana zenyewe kwa zenyewe.

*Ndani ya galaksi.* Migongano inasambaza joto. Kitovu cha halo kinapata joto, kinapanuka, kinakuwa bapa bila kusubiri nyota zilipuke. Lililonivutia zaidi ni hili: halo iliyogawana joto hivyo inajipanga kulingana na mvutano uliopo katikati, na katikati ya galaksi yenye nyota nyingi mvutano huo ni wa nyota. Galaksi iliyosongamana inapata kitovu cha giza kilichosongamana. Iliyotandaa inapata kilichotandaa. Chanda kinaichagua pete yake. Hilo linasaidia kueleza tatizo lililowekwa wazi mwaka 2015 na Kyle Oman na wenzake, kwamba galaksi zenye kasi ileile ya ukingoni zina grafu tofauti mno karibu na kitovu.

*Nje ya galaksi.* Mbali na kitovu, chembe ni chache na hazigongani mara nyingi, kwa hiyo mafanikio ya maada baridi yanarithiwa karibu yote, pamoja na mwanga wa kale.

*Gharama.* Unaongeza kipimo cha ukubwa wa mgongano, na kimoja hakitoshi. Galaksi ndogo zinataka kama sentimita mraba 1 kwa gramu au zaidi. Makundi makubwa yanataka pungufu ya hapo sana. Inabidi migongano ipungue kasi ya chembe inapoongezeka. Fizikia inaruhusu, lakini ni kifundo cha ziada cha kuzungusha.

*Pabovu.* Kundi la Risasi tena: giza mbili zilipitana bila kukwamishana sana, na hilo linaweka kikomo. Tena, kwa nini wembamba wa mstari, na kwa nini kiwango cha 1.2 × 10⁻¹⁰? Jibu hapa ni lilelile la maelezo ya kwanza: linatokana na jinsi galaksi zinavyojengeka.

*Yanamfaa* anayechunguza vitovu vya galaksi ndogo, na anayependa wazo la maada ya giza ila haridhiki kuziachia nyota zinazolipuka kazi yote.

Mfano mmoja wa kuyapima yote matatu

Mwaka 2018 Pieter van Dokkum na wenzake walitangaza kwamba galaksi ya NGC 1052-DF2 inaonekana haina maada ya giza, au inayo kidogo mno. Wengine walibishia umbali wake. Lakini tuchukue kipimo kama kilivyo, maana kinafundisha.

Kwa aliyezoea maada ya giza, chembe baridi au zinazogongana, galaksi isiyo na halo haishangazi kimsingi: ikiwa giza ni kitu, kinaweza kutenganishwa na nyota, kwa kuvuliwa na jirani au kwa mgongano. Kwa MOND ilionekana mwanzoni kuwa pigo, maana sheria haiwezi kuvuliwa. Ndipo jirani mkubwa akakumbukwa: mvutano wake unaizima sehemu kubwa ya nyongeza ya MOND ndani ya galaksi hiyo, na kasi inayotabiriwa inashuka karibu na iliyopimwa. Ukiona galaksi moja inadaiwa na pande zote mbili, usimwamini anayekwambia imemaliza mjadala. Zinazohitajika ni galaksi za namna hiyo zilizo mbali na jirani yeyote.

Uchague vipi

Una grafu ya kasi ya galaksi ya diski na mgawanyo wa gesi yake? Anza na MOND, hata kama huiamini, kwa kuwa ndiyo yenye nafasi ndogo ya kurekebisha. Baada ya hapo ilinganishe na halo ya Navarro, Frenk na White, na uandike ni vipimo vingapi umevilegeza katika kila upande. Data za SPARC, mkusanyo wa vipimo vya galaksi 175, ziko wazi kwa yeyote kufanyia mazoezi.

Kazi yako ni makundi ya galaksi, mwanga unaopindwa, au historia ya ulimwengu? Shika maada baridi. Kutumia MOND huko leo ni kazi ya utafiti, na si chombo cha kutumia.

Unashughulika na galaksi hafifu zinazoizunguka Njia Nyeupe? Hapa usichague mapema. Zipitishe kwenye maelezo yote matatu, na kwa kila galaksi uulize kwanza iko umbali gani kutoka kwa jirani yake mkubwa, kwa sababu jibu hilo linabadilisha utabiri wa MOND na historia ya halo kwa pamoja. Ikiwa vitovu vyao vinatofautiana mno huku nyota zao ni chache mno kuleta milipuko ya kutosha, maelezo ya tatu yanastahili muda wako.

Unafundisha? Waonyeshe wanafunzi mstari wa galaksi 153 kabla hujataja nadharia yoyote. Waache wauone, wajaribu kueleza wenyewe, kisha uwape majina.

Na kama wewe ni msomaji tu unayetaka kufuatilia, angalia macho mawili mapya: darubini ya anga ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, na kituo cha Vera C. Rubin kilichoko Chile. Euclid imetengenezwa kupima jinsi mwanga unavyopindwa mbali sana nje ya diski za galaksi, ambako nyota na gesi hazipo tena, na huko MOND na maelezo ya maada ya giza hayatarajiwi kuendelea kutoa majibu yanayofanana.